Ghala lililojaa feni: kasi ya China itadumu?

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Kariakoo, mtaa wa Narung'ombe, natafuta feni ya kuchaji ya kumpelekea baba nyumbani. Mama mwenye fremu, ambaye alianza kufuata mzigo Guangzhou wakati wenzake wengi bado wanakwenda Dubai, akanionyesha simu yake. Msichana wa mauzo wa kiwanda kimoja cha mkoa wa Guangdong alikuwa amemtumia picha ya ghala kwa WeChat. Maboksi ya feni yamepangwa mpaka yanakaribia taa za dari, na njia ya katikati imebaki nyembamba kama uchochoro wa Manzese. Chini ya picha kulikuwa na ujumbe wa sauti: chukua mia tano, nakupunguzia tena, kianzio weka ulichonacho. Zamani, Mama akaniambia, kiwanda hakiwashi hata mashine kabla hujatuma asilimia 30.

"Sasa mwanangu," akasema, "nyie mnaoandika kwamba Mchina anachoka, mmeliona ghala hilo? Nchi yenye vitu vingi hivyo inachokaje?"

Wateja walikuwa wamesongamana, sikumjibu sawasawa. Namjibu hapa, maana swali lake ndilo linaloulizwa kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa na hata kwenye semina za wachumi: je, China inaweza kuendelea kukua kwa kasi tuliyoizoea?

Hapa Dar, ukisema haiwezi, unaonekana umetumwa. Watu wanakuhesabu kuwa mtu anayeitakia China mabaya, au anayemeza habari za Wazungu bila kutafuna. Naelewa hisia hiyo inatoka wapi. Wazazi wetu waliona Wachina wakichimba mahandaki ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, baada ya nchi za Magharibi kusema haitalipa. China yenyewe wakati huo ilikuwa maskini. Sisi tumekuja kuona Uwanja wa Mkapa, tumeona Daraja la Kigamboni likifunguliwa mwaka 2016. Mtu aliyekusaidia ukiwa na shida huwezi kufurahia kusikia ana ugonjwa.

Na wanaosema China itaendelea wana hoja nzito. Waliotabiri kuanguka kwake wametabiri kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila mara wameumbuka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mashirika ya umma yaliachisha kazi mamilioni ya watu na mabenki yalikuwa yamejaa mikopo mibovu, lakini kufikia 2007 uchumi ulikuwa unakua kwa zaidi ya asilimia 14. Ulipokuja msukosuko wa dunia wa 2008, Beijing ilitangaza mpango wa yuan trilioni 4 na nchi ikasonga. Leo zaidi ya nusu ya roboti mpya za viwandani duniani kila mwaka zinafungwa China. Mwaka 2023 iliipita Japani kwa kuuza magari nje. Paneli za sola unazoziona kwenye mabati kuanzia Mbagala hadi Chanika zinatoka huko karibu zote.

Kuna na hesabu ambayo wenye shaka hupenda kuiruka. China ilitangaza ukuaji wa asilimia 5 mwaka 2024, na uchumi wake sasa unazidi dola trilioni 18. Asilimia 5 ya hapo ni dola bilioni 900 kwa mwaka, zaidi ya mara kumi ya uchumi wote wa Tanzania. Mwaka 2007 uchumi wake ulikuwa kama trilioni 3.5, kwa hiyo ile asilimia 14 iliyowashangaza watu iliongeza kama bilioni 500 tu. Anayesema China imesimama hajapiga hesabu.

Haya yote nayakubali. Lakini wenye shaka makini hawasemi China imesimama, wala hawasemi itaanguka. Wanauliza nani atanunua vitu vinavyotengenezwa. Hoja hiyo haijasikilizwa vizuri hapa kwetu, na wa kwanza kuisema kwa sauti kubwa hakuwa Mzungu. Machi 2007, katikati ya kasi ile ya asilimia 14, Wen Jiabao, aliyekuwa waziri mkuu wa China, aliwaambia waandishi wa habari kwamba ukuaji wa nchi yake hauna uthabiti, hauna uwiano, hauna uratibu na si endelevu. Alikuwa anazungumzia nyumba yake mwenyewe.

Kuna namba moja nyuma ya maneno yale ambayo kila nikiandika kuhusu China inanirudia. Katika kila yuan 100 ya pato la taifa, matumizi ya familia za kawaida, yaani chakula, nguo, nauli, matibabu, ada, hayafiki 40. Marekani ni kama 68. India ni karibu 60. China yenyewe ilikuwa juu zaidi miaka ya 2000 inaanza, ikashuka hadi kama 35 ilipofika 2010, kisha ikapanda kidogo na kukwama. Sehemu kubwa zaidi, inayozidi 40, inakwenda kwenye uwekezaji: viwanda, reli, madaraja, majengo. Nchi nyingi duniani uwekezaji wao uko karibu na robo ya pato.

Uwekezaji mkubwa hivyo ulikuwa sawa kabisa wakati China haina kitu. Reli ya kwanza ya mwendokasi, ya Beijing na Tianjin, ilifunguliwa 2008, na leo mtandao wake umezidi kilomita 45,000. Reli ya kwanza inaunganisha majiji yenye mamilioni ya watu, ikalipa. Ya ishirini inakwenda mji mdogo ambao vijana wake wameshahama. Gharama ya zege ni ileile, lakini faida haiwezi kuwa ileile. Ndivyo ilivyo na kiwanda: cha kwanza cha feni kinapata wateja, cha mia moja kinapata ghala lililojaa na msichana wa mauzo anayemtumia Mama wa Narung'ombe ujumbe wa sauti usiku wa manane wa kwao.

Kwa nini familia za China hazitumii? Wengi hujibu kwamba Wachina ni watu wa kubana matumizi kwa asili yao. Mimi sikubali. Watu hubana wanapoogopa. Mwaka 2024 kima cha chini cha pensheni ya msingi kwa wazee wa vijijini na wengine wasio na ajira rasmi kilikuwa yuan 123 kwa mwezi, kama dola 17. Mikoa huongeza kidogo juu yake, yenye uwezo zaidi ikiongeza zaidi, lakini msingi ndio huo, na wanaolipwa kwa mfumo huu ni zaidi ya milioni 170. Nchi kama yetu, ambayo wastaafu wake wamekesha wakibishana juu ya kikokotoo, yaani hesabu ya kupiga mafao yao, inaelewa maana yake. Kama uzee wako unategemea dola 17 na mtoto mmoja, utaweka akiba, hata mshahara ukipanda.

Halafu kuna hukou, usajili wa mahali mtu anapotoka. Chukulia umezaliwa Namtumbo, umefanya kazi Dar miaka ishirini, lakini shule ya mwanao na matibabu yako bado vinahesabiwa Namtumbo. China ina wafanyakazi karibu milioni 300 waliotoka vijijini, na wengi wao wanaishi hivyo. Masharti yamelegezwa kwenye miji midogo, ila majiji makubwa yenye kazi nzuri bado ni magumu. Mtu anayejua kwamba siku moja atarudi kijijini hanunui sofa.

Na hata ile akiba iliyowekwa, sehemu kubwa iliingia kwenye nyumba. Sisi tunajenga kidogokidogo, leo msingi, mwakani lenta, ukikwama unahamia kwenye vyumba viwili vilivyokamilika. Kule familia ililipia ghorofa ambalo bado liko kwenye karatasi, ikaanza marejesho ya benki kabla ukuta haujasimama. Kampuni ya ujenzi wa nyumba ya Evergrande iliposhindwa kulipa madeni yake mwaka 2021, ikiwa inadaiwa zaidi ya dola bilioni 300, na mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe Januari 2024, hasara haikuwa ya wenye hisa peke yao. Wapo waliobaki wanalipa mkopo wa nyumba isiyo na madirisha. Mtu wa namna hiyo, hata ukimpa punguzo la bei, anafunga pochi.

Suala la watoto nalipitia haraka kwa sababu limeandikwa sana: mwaka 2016 walizaliwa watoto kama milioni 18, mwaka 2023 kama milioni 9. Idadi ya watu imeanza kupungua tangu 2022. Wanaotegemea roboti kuziba pengo wana hoja kwa upande wa kazi, na umri wa kustaafu umeanza kupandishwa polepole tangu Januari 2025. Ila roboti hainunui feni.

Kwa hiyo namrudia Mama na picha yake. Yeye aliliona ghala lile akaona nguvu, mimi naona feni ambazo mtu wa Henan au Sichuan, ndani ya China yenyewe, hakuzinunua. Tangu Oktoba 2022 hadi mwishoni mwa 2025 bei za bidhaa zinapotoka kiwandani China zilikuwa kila mwezi chini ya za mwezi uleule wa mwaka uliotangulia, kipindi ambacho sisi na sehemu kubwa ya dunia tulikuwa tunalia na mfumuko. Bei nzuri anayopata Mama inatokana na pengo hilohilo kati ya kinachotengenezwa na kinachonunuliwa kwao. Mwaka 2024 China iliuza nje kuliko ilivyonunua kwa karibu dola trilioni moja. Marekani imeweka ushuru wa asilimia 100 kwa magari yake ya umeme, na Ulaya nayo imeweka wa kwake. Mzigo unaozuiwa kule hautupwi baharini. Unatafuta mlango uliobaki wazi, na Kariakoo ni mlango.

Kwa mnunuzi ni neema, na sitaki kuidharau. Familia nyingi za Temeke zimepata feni, taa ya sola na simu kwa sababu ya bei hizo. Kwa anayetaka kutengeneza hapa ni habari nyingine. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilijengwa kwa msaada wa China, kikafunguliwa 1968, na baadaye kikasukwasukwa na vitambaa kutoka China hiyohiyo. Kijana anayetaka leo kufungua karakana ya feni Vingunguti atashindana na kiwanda kinachouza karibu na bei ya hasara ili ghala lipungue.

Mikopo nayo imeshaonyesha kwamba mambo yamebadilika. Kwa hesabu zinazotunzwa na Chuo Kikuu cha Boston, mikopo ya China kwa Afrika ilifikia zaidi ya dola bilioni 28 mwaka 2016, ikashuka hadi karibu bilioni 1 mwaka 2022, kisha ikainuka kiasi mwaka 2023. Wanaopanga miradi yetu wakiamini mkoba ule wa 2016 utafunguliwa tena vilevile wanapaswa kuitazama namba hiyo kabla ya kuitazama ramani.

Hapa ndipo naona watetezi wa China wanakosea kuwaona wenye shaka kama maadui. Wenye shaka wanataka familia ya China ipewe zaidi: pensheni inayotosha, hukou isiyobagua, mshahara unaokwenda sambamba na kazi. Hilo likifanyika, kasi inaweza kushuka hadi asilimia 3, na kwa asilimia 3 uchumi unachukua miaka 24 hivi kuongezeka mara mbili badala ya miaka 14 ya asilimia 5. Sioni msiba hapo. Ukuaji wa madaraja unanunua shaba, inayopita Tunduma kwenye malori kuja bandarini kwetu. Ukuaji wa familia unanunua chakula, na mkulima wa ufuta wa Lindi, ambaye mzigo wake mwingi huishia China, yuko karibu zaidi na sahani ya mama wa Chengdu kuliko na reli ya ishirini. Asilimia 3 ya namna hiyo ingetufaa sisi kuliko asilimia 5 ya maghala.

Je, Beijing inaweza kugeuka? Uwezo inao. Imeanza kutoa ruzuku kwa wanaobadilisha friji na magari ya zamani. Lakini serikali za mitaa zimezoea kuishi kwa kuuza ardhi na kupimwa kwa ujenzi, na kuhamisha fedha kutoka kwao na kwa viwanda kwenda kwa mzee wa kijijini ni kuwanyang'anya watu wenye nguvu. Japani ilijua tatizo la namna hii tangu miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuporomoka kwa bei za hisa na ardhi kulimaliza mjadala kwa niaba yake. Nayo ilikuwa imeshatajirika.

Kila Machi, Bunge la China linapokutana, dunia inasubiri lengo la ukuaji. 2023 lilikuwa karibu asilimia 5, 2024 hivyohivyo, 2025 hivyohivyo. Mimi nimeanza kutafuta mstari mwingine kwenye ripoti ileile. Mwaka 2025 kima cha chini cha pensheni ile kiliongezwa yuan 20, kikawa 143, yaani kama dola 20. Feni niliyomnunulia baba, iliyovuka bahari, ikalipiwa ushuru na kusukumwa kwa guta hadi Narung'ombe, ilinigharimu zaidi ya hapo. Mzee anayeishi nchi moja na ghala lile, akilipa bei niliyolipa mimi, angesubiri na pensheni ya mwezi unaofuata.