Karanga za Urambo na ubahili wa bakteria

Kila mvua zikikaribia, Urambo na Sikonge kuna ubishi uleule. Mkulima kabakiwa na mfuko wa mbolea ya tumbaku, karanga zimeshaota, anauliza: niziwekee? Mmoja atamwambia asipoteze mbolea, karanga hujilisha kwa hewa. Mwingine atamcheka: kwa kichanga hiki cha Tabora, nani kashiba hewa?

Wote wawili wana hoja. Ila mwenye uamuzi hayupo barazani, yuko kwenye vinundu vya mizizi: vivimbe vidogo wanamoishi bakteria wanaoigeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha karanga.

Karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini atomu zake zimeshikana mbilimbili kwa nguvu sana. Bakteria akitaka kugeuza molekuli moja tu kuwa amonia, yaani naitrojeni iliyo tayari kutumika, hutumia ATP zisizopungua 16, na ATP ndiyo pesa taslimu ya seli. Gharama hiyo humfanya bahili. Wale wanaoishi huru udongoni, wakikuta amonia ya bure, huzima jeni za kazi hiyo.

Anajuaje kuwa ghala limejaa? Hapa E. coli, bakteria wa utumbo, ndiye aliyechunguzwa zaidi. Yeye hachukui naitrojeni ya hewani, lakini daftari lake linasomeka vizuri. Amonia ikiwa tele, anaweza kuibandika moja kwa moja kwenye mabaki ya sukari akapata glutameti, bila kulipa ATP. Ikiadimika, njia hiyo haifui dafu. Hapo hutumia kimeng'enya kinachodaka hata amonia kidogo na kutengeneza glutamini, kwa ATP moja kwa kila amonia. Kutoka kwenye glutamini na glutameti ndiko asidi amino nyingine, vijenzi vya protini, hupata naitrojeni yao. Kwa hiyo glutamini ni chakula na ni kipimo pia: ikipungua, jeni za kutafuta naitrojeni huwashwa, ikijaa, kile kimeng'enya chenye vipande 12 hubandikwa vizibo, kipande kwa kipande, mpaka kipoe. Ni kama kupunguza utambi wa kandili. Hakuna haja ya kuizima yote.

Kufikia hapa, anayekataza mbolea ameshinda. Ukimwaga mbolea ya yurea, yenye asilimia 46 ya naitrojeni, unategemea nini kwa bahili huyu?

Lakini si haraka hivyo. Ndani ya kinundu mambo hubadilika. Bakteria wa kwenye mizizi hupunguza kujitengenezea chakula cha naitrojeni, amonia wakaiachia mmea, nao mmea ukawalipa kwa chakula kinachotokana na sukari yake. Anayefunga mlango mbolea ikizidi ni mmea wenyewe zaidi: hutengeneza vinundu vichache na kuvinyima matunzo. Tena vinundu haviwi tayari siku mbegu inapoota. Kuna wiki kadhaa mche unaishi kwa akiba ya mbegu na kile udongo ulicho nacho, na kichanga hakina kingi. Naitrojeni kidogo wakati huo si ujinga.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita. Mbolea ya kupandia tumbaku ni NPK, yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu, si naitrojeni peke yake. Mkulima anayeapa kwamba aliiwekea karanga zikanawiri huenda anaisifu naitrojeni kwa kazi ya fosforasi. Herufi P katika ATP ni fosfeti. Bila fosforasi, ile bei ya ATP 16 hailipiki. Mimi naegemea hapa: fosforasi wakati wa kupanda, na yurea ibaki kwa mahindi.

Wenye mabani ya kukaushia tumbaku nao wana sababu ya kuogopa bakteria akifanya kazi vizuri mno. Tumbaku ya mvuke inatakiwa iishiwe naitrojeni majani yanapokaribia kuiva. Ikifuata shamba la karanga zilizonawiri, mabaki yake huendelea kuilisha, na majani huchelewa kuiva. Mahindi yakifuata, hakuna atakayelalamika.

Kabla ya kubishana zaidi, karanga zikishatoa maua chimbua shina moja kwa jembe, usiling'oe kwa mkono maana vinundu vitabaki ardhini. Suuza mizizi, pasua kinundu kwa ukucha: chenye rangi ya waridi ndani kinafanya kazi, cheupe hakifanyi. Nilifanya hivyo kwenye shamba la shangazi: mstari wa pembeni, palipomwagika yurea ya mahindi, ulikuwa na vinundu vya kuhesabu, vyeupe ndani. Mistari ya katikati vilijaa, na ukucha ulitoka na rangi ya waridi kama nyama mbichi.

"Kumbe hivi vidonda ndivyo vinavyofanya kazi," akasema. "Na mimi nilidhani ni ugonjwa."