Sikuinuka kutunza

Mimi ni mzaliwa wa Ng'ambo, ule upande wa pili wa mji wa Unguja, na sasa huu mwaka wa 11 naishi ng'ambo, yaani Hamburg. Utani huo nimeusema mara nyingi mpaka wenzangu wameuchoka. Ila kuna usiku mmoja, mwezi uliopita, haukunichekesha hata mimi.

Alikuja mwimbaji wa taarab kutoka nyumbani. Jina lake silitaji, maana yeye kosa hana. Ninayetaka kumsema ni mimi mwenyewe, na pengine na wewe uliyezoea kusema kwamba Wazungu hawajui kushangilia, au wewe mwingine unayeapa kwamba kwetu ni kelele tupu. Ubishi huo haukosekani tukikutana Waswahili wa huku, na sijawahi kuuona ukiisha.

Ukumbi ulikuwa mdogo, watu kama 300, kila kiti na namba yake. Koti unaliacha mlangoni. Tiketi imeandikwa saa mbili usiku, na saa mbili ilipofika taa zikazimwa, watu wakanyamaza mara moja kama waliofungwa bomba. Kwetu saa mbili ya tiketi maana yake wapiga vyombo ndio kwanza wanakula. Hapo sina la kubisha, wametushinda.

Wakafungua kwa bashraf, kile kipande cha vyombo vitupu kisicho na maneno. Kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinachopigwa kimelazwa, udi, fidla mbili, akodiani, ngoma ya dumbaki, bes. Mwili ukanisisimka. Akatoka mwenyewe, akaimba wimbo wa kwanza, ukaisha. Makofi yakaja kwa pamoja na yakakatika kwa pamoja. Wa pili vivyo hivyo. Katikati ya nyimbo hakuna aliyethubutu hata kuguna. Nikamwona akitupa jicho kushoto, kisha kulia, kisha kwenye njia iliyopita baina ya viti. Nilijua anatafuta nini. Alikuwa anatafuta mtu wa kuinuka.

Kwa asiyelelewa na taarab nieleze. Kutunza, yaani kuinuka na kumpelekea mwimbaji noti wimbo ukiendelea, si kumlipa, ingawa pesa anapata. Kutunza ni kusema. Nilikuwa na miaka tisa shangazi aliponichukua harusini Kikwajuni, mtaa wa huko Ng'ambo, akanipa noti niishike. Wimbo ulipoanza tu nikataka kukimbia nayo mbele. Akanivuta gauni. "Ngoja ubeti wako," akaniambia. "Ukitoka na ubeti wa mwenzio umejitia kwenye ugomvi usiokuhusu."

Maana yake niliipata nilipokua. Ubeti wa aliyeachwa una wenyewe, wa jirani mwenye choyo una wenyewe, wa mama aliyeoza mwana una wenyewe. Mwanamke huinuka polepole, noti kaishika juu kwa vidole viwili, anakwenda kwa mwendo wa muziki, na njia anayoichagua, anapita mbele ya nani na anamgeuzia nani mgongo, yote hayo ni maneno. Mwimbaji anayasoma bila kuambiwa. Anamwona anayenyanyuka tangu safu ya mwisho, anaurudia mshororo ule ule ili asifike ukiwa umekwisha, anaipokea noti huku amemkazia macho, kisha anamsindikiza kwa sauti mpaka akae. Watano wakija kwa mpigo, kila mmoja anaondoka akiamini ameimbiwa yeye.

Huyo ndiye ninayemwita mwenye jukwaa lake. Taarab asilia haina mambo ya kurukaruka. Mwimbaji husimama pale pale, uso umetulia, mkono unasogea kidogo, na mgeni akimtazama ataona hapana kinachofanyika. Bi Kidude, aliyetutoka Aprili 2013, alikuwa na namna yake nyingine, ngoma kaifunga kiunoni na anaipiga kwa nguvu zote umri ule, lakini hata yeye macho yake yalikuwa hayaachi watu.

Jina lenyewe la muziki huu limetokana na Kiarabu, tarab, ile hali ya mtu kushikwa na muziki mpaka ajisahau. Sasa hali hiyo itakuwaje bila wa kushikwa? Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri ambaye redio ya Cairo ilikuwa ikimrusha Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, wimbo wake mmoja uliweza kupita saa nzima, na haikuwa kwa sababu mashairi ni marefu. Watu ukumbini wakipiga ukelele, yeye huurudia mstari, na kuupamba vingine, na kuurudia tena. Urefu wa wimbo waliuamua wao naye. Ndiyo maana huwa namfikiria Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab wa Unguja, mwaka 1928, kule Bombay, alipokwenda kurekodi santuri. Kasimama mbele ya chombo kisichosema "aah". Sijui alikuwa anamwimbia nani kichwani mwake.

Basi kwa miaka mingi nilidhani kimya hiki cha huku ni maumbile, kama baridi. Kumbe sivyo. Julai 1778 mtunzi Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris kuhusu simfonia yake mpya. Kulikuwa na kipande alichojua kitawapendeza, na kweli walipiga makofi muziki ukiwa bado unaendelea; tena alikuwa amekirudisha kipande hicho mwishoni makusudi. Tofauti ya watu wale na shangazi yangu iko wapi? Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1876, mtunzi Wagner alifungua jumba lake la opera kule Bayreuth, Ujerumani, taa za upande wa watu zikapunguzwa, macho yote yakaelekezwa mbele. Kidogo kidogo ikawa ndiyo adabu. Siku hizi mtu akipiga makofi baina ya sehemu mbili za simfonia, shingo zote zinamgeukia, na kikohozi kinahifadhiwa mpaka pale penye nafasi, halafu unasikia ukumbi mzima unakohoa kama zahanati.

Naam, nacheka, lakini kimya hicho kimenipa vitu ambavyo nyumbani sikuvipata. Mara moja nilikwenda Elbphilharmonie, lile jumba la bandarini lililofunguliwa Januari 2017, ambamo watu karibu 2,100 wanakaa kulizunguka jukwaa pande zote. Mwanamke mmoja aliimba akishuka, akishuka, mpaka ikabaki pumzi, na pumzi ile niliisikia kutoka juu kabisa nilikokaa. Kwetu ingemezwa na jenereta. Na ukidhani hawa hawana hamu, ngoja mwisho ufike: wanapiga makofi mpaka viganja vinawaka, wanatwanga miguu sakafuni, wanaita "Zugabe!", yaani "ongeza!", mpaka msanii arudi mara ya tatu. Mapenzi yao wanayatoa kwa jumla, sisi tunayatoa rejareja.

Na sisi, tusijisifu sana. Safari yangu ya mwisho nyumbani nilikwenda kwenye onyesho moja nililolingojea kwa hamu. Msanii aliimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, na kila dakika mbili anatuamuru: "Piga keleleee!" Tukapiga. Mikono juu, tukainua, kila mkono na simu. Akaja bwana mkubwa na bunda la noti za elfu kumi, akamwaga moja moja akiangalia kamera, si mwimbaji, na wimbo ukageuka orodha ya majina ya wafadhili kwa muda ambao ungetosha kupika chai. Ubeti uliokuwa unaimbwa alipoinuka ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Shangazi angeona, angeondoka. Mwimbaji anayeomba kelele mimi namwonea huruma, maana ni kama mwenye nyumba anayewaambia wageni wasifu biriani kabla hawajaonja.

Nirudi Hamburg. Wimbo wa tatu nao uliisha vile vile, na nikaanza kuona aibu ya mwenyeji ambaye mgeni wake hakukirimiwa. Wa nne ulipoanza, yule dada akawatuliza wapiga vyombo kwa kiganja, ikabaki kanuni peke yake. Akasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa. Akaimba mshororo mmoja kwa sauti ya chini, kama anayempa mtu siri, kisha akanyamaza. Akangoja. Akangoja zaidi ya ilivyo desturi, kanuni ikidondosha sauti mojamoja. Viti vikaanza kulia, maana watu walikuwa wanainama mbele. Akatabasamu, akaurudia mshororo.

Hapo nikajua ameshawapata. Alikuwa ameacha kungoja noti na kelele, akaanza kupokea walichokuwa nacho, yaani kile kimya. Alikuwa anakivuta na kukilegeza. Neno la Kiswahili hawalijui hata moja, lakini aliponyamaza mara ya tatu, mzee mmoja wa Kijerumani nyuma yangu akatoa "aah" iliyomponyoka, mkewe akamgeukia kwa mshangao. Mwimbaji akaidaka. Akamtafuta kwa macho gizani, akamwimbia yeye mshororo uleule, na ukumbi ukacheka kwa raha, kicheko cha watu waliopewa ruhusa.

Kisha akanyanyuka mama mmoja wa Mombasa, kavaa buibui, noti ya euro 10 iko juu. Kijana wa ukumbi akamfuata mbio kumrudisha kitini. Mwimbaji akanyoosha mkono, akamwita yule mama kwa ubeti, na kijana akabaki amesimama katikati ya njia hajui mikono aiweke wapi. Baada ya hapo wakatoka wengine wanne au watano. Akatoka na bibi wa Kijerumani na euro 5, akaitoa kwa mikono miwili kama anayerudisha chenji iliyozidi. Mwimbaji alimpokea sawa na wengine, hakumfanyia mzaha.

Mimi nilikuwa na euro 20 nimeikunja kiganjani tangu wimbo wa kwanza. Ukaja ubeti wa msafiri, wa mtu aliyeaga kwa siku chache na siku zikawa miaka. Ulikuwa ubeti wangu. Mtu angeuliza ukumbini, wote wa pwani wangeninyooshea kidole. Nilikaa katikati ya safu. Kutoka ningepita magoti ya watu wanane, na kila goti ni kuomba radhi kwa Kijerumani. Nikahesabu. Nikasema nitatoka ukirudiwa. Ukarudiwa. Nikasema nitatoka ukirudiwa tena. Akahamia ubeti mwingine.

Kwa hiyo nikisikia tena mtu anasema Wazungu wamekaa kama wako msibani, nitamjibu kwamba bibi wa miaka 70 na ushei aliinuka, na mtoto wa Kikwajuni akabaki kitini. Adabu ya ukumbi si rangi ya mtu. Inaingia taratibu, kama lafudhi, na mwenye nayo haisikii. Wala sikubali kwamba dada yule "alipwaya" nyimbo tatu za mwanzo, kama walivyosema vijana wetu nje tulipokuwa tunachukua makoti. Nyimbo tatu zile alikuwa anasikiliza. Sisi wa pwani tuliokuwa ndani, thelathini hivi, ndio tuliomwacha peke yake muda wote huo, tukiwangoja wenyeji waanze.

Usiku huo huo nikampigia shangazi simu. Alitaka habari yote: kavaa nini, nani kapiga kanuni, kaimba ngapi. Kisha akauliza, "Na wewe ulimtunza kwenye ubeti gani?"

"Nilikuwa katikati ya safu, shangazi. Kutoka kuzito."

Akavuta pumzi. "Kwani huko viti mnapangiwa na serikali?"

Novemba anakuja mwingine, ukumbi ule ule. Nimeshakata tiketi: safu ya tano, kiti cha kwanza, kando ya njia.