Kutu Kidogo Tu

Muuzaji yeyote wa chombo cha chuma katika mwambao huu akikwambia kwamba chombo chake kina "kutu kidogo tu", kamata mfuko wako kwa mikono miwili na uondoke kinyumenyume hadi stendi ya matatu bila kumpa kisogo. Mimi sikuondoka. Mimi, mwalimu mstaafu wa hisabati, mtu niliyewatungia watoto wa watu mitihani ya makadirio kwa miaka 32, nilisimama chini ya mkwaju mmoja hapa Ukunda, pwani ya Kenya, nikaitazama pikipiki kuukuu ya magurudumu manne, nikakadiria kwamba matengenezo yake yangechukua wiki mbili. Huu ni mwezi wa kumi na moja.

Pikipiki yenyewe ni Honda FourTrax 300, ile iliyoanza kutengenezwa mwaka 1988 na kusitishwa mwaka 2000, na kabla ya kunifikia ilikuwa ikiwabeba watalii wa hoteli moja ya ufukweni. Injini yake, ambayo hupozwa kwa upepo na haina mengi ya kuharibika, ilikuwa imezimia tu, haikuwa imekufa. Kiti kilikuwa kimeliwa na panya na matairi yalikuwa yamekauka, lakini fremu ilikuwa nyeusi tititi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mtu mwenye akili angejiuliza inakuwaje chombo kilichochoka kila kiungo kiwe na rangi ya juzi. Mimi nikahesabu shilingi 45,000, nikakodi pikapu, nikarudi nyumbani nikiwapungia watu mkono njiani kama mheshimiwa mbunge.

Siku iliyofuata, baada ya kuivua pikipiki kila kitu hadi ikabaki mifupa, niliisugua fremu kwa brashi ya waya ili nione nilichonunua. Rangi ilibanduka kama ganda la kitunguu. Chini ya rangi palikuwa na puti ya kuzibia mashimo, chini ya puti palikuwa na gazeti lililoshindiliwa, na chini ya gazeti hapakuwa na kitu. Niliweza kusoma matokeo ya kandanda ya miaka mitatu iliyopita, na timu yangu ilikuwa imefungwa hata humo. Nikachukua nyundo ndogo, nikaanza kuigonga fremu kipande kwa kipande, kwa sababu chuma kizima hulia kama kengele, ilhali chuma kilichooza hutoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Sehemu ya mbele ililia. Sehemu ya juu ililia. Nilipofika kwenye yale mabomba mawili ya chini, yanayopita chini ya injini na kushikilia vikanyagio, nyundo ilitoa sauti ya mtu anayekohoa blanketini. Nikachokoa kwa bisibisi, nayo ikazama hadi kwenye mpini. Mke wangu, aliyekuwa ameketi barazani akipeta mchele, aliinua macho, akaangalia lile tundu, akasema, "Mwalimu, mbona umenunua kung'uto?"

Nilimweleza, kwa utulivu wa mtu aliyetapeliwa, kwamba kosa si la rangi wala la puti, bali ni la maji. Maji huingia ndani ya bomba kupitia kijitundu kidogo, yakikosa njia ya kutoka yanafanya makao, na yakiwa na chumvi ndani yake kutu hukimbia mbio maradufu. Isitoshe, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo bomba huvimba kutoka ndani kama mahamri kwenye mafuta, kisha likapasuka huku nje bado limevaa kanzu ya Idi. Pikipiki yangu ilikuwa imepitishwa kwenye mawimbi kila siku ili mgeni apigwe picha maji yakiruka, na jioni ilioshwa kwa maji ya kisima ambacho, kama visima vingi vya huku karibu na bahari, nacho kina chumvi. Walikuwa wakimtibu mgonjwa wa chumvi kwa chumvi. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama muuzaji aliniambia hayo kabla au baada ya kupokea pesa.

Washauri hawakukawia. Huku kwetu ukiwa na homa utapata washauri watatu, lakini ukiwa na kutu utapata mtaa mzima. Mmoja alitaka niipake siki, mwingine ndimu, wa tatu soda nyeusi. Mzee jirani alisema nichemshe maganda ya mkoko nipake maji yake, nami nikacheka mbele yake, jambo ambalo lilinigharimu baadaye, kwa kuwa nilikuja kugundua kwamba ule ukakasi wa ganda la mkoko ndio huigeuza kutu kuwa kitu cheusi kigumu kisichoendelea kula chuma, na kwamba dawa kadhaa za kutu zinazouzwa kwa chupa hutegemea ukakasi wa namna hiyohiyo. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinisamehe kwa saa mbili na nusu, zikiwemo hadithi za jahazi la babu yake.

Kwa vipande vidogo nilitumia magadi. Unayayeyusha kwenye pipa la plastiki, unatumbukiza kipande chenye kutu na kukiunganisha na upande hasi wa chaja ya betri, kisha upande chanya unauunganisha na chuma chochote cha kutupwa, mradi kisiwe kile kisichoshika kutu, maana hicho huyatia maji sumu. Mapovu yanayotoka ni gesi inayoweza kulipuka, kwa hiyo kazi hiyo hufanyiwa uwanjani, mbali na jiko. Nilizingatia masharti yote isipokuwa moja, nalo ni kumwuliza mwenye magadi. Kwa siku nne maharagwe ya nyumba yangu yaliiva kwa kudra tu. Hata hivyo vipande vilitoka safi ajabu, ila kishikio kimoja cha kanyagio ambacho hakikutoka kabisa: asubuhi nilivuta waya ukaja mtupu, na chini ya pipa palikuwa na tope. Kile kishikio kilikuwa kutu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kikishikilia umbo la chuma kwa heshima tu.

Sasa ikaja zamu ya fundi wa kuchomelea. Fundi alitazama mabomba ya chini, akapuliza moshi wa sigara, na akasema maneno yaleyale: "Mwalimu, hii ni kutu kidogo tu, tunapiga kiraka." Nikamwambia kiraka hakishiki juu ya kutu, hurukaruka cheche na kuacha vitobo, kwa hiyo tukate hadi tufike kwenye chuma kizima. Akakubali, kwa kuwa analipwa kwa siku. Nikatumwa dukani kununua bomba la inchi moja. Nilinunua bomba la inchi moja. Nilipolipima nyumbani, lilikuwa na karibu milimita 34 kwa nje, na hata tundu lake la ndani halikuwa inchi moja. Nikarudi dukani na rula. Muuza duka alinieleza kwa huruma kwamba hilo ni bomba la maji, na bomba la maji huitwa inchi moja bila kitu chochote ndani yake kuwa na inchi moja. Nimefundisha vipimo maisha yangu yote, na siku ile nilijiona kama nilikuwa nikiwaongopea watoto wa watu.

Tulilazimika kutafuta bomba jingine, nalo likapatikana lenye unene sawa na lile la zamani, lakini limepakwa zinki. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe ambao ukiuvuta, usiku wake unakutetemesha kwa homa. Mafundi wengi huamini kwamba dawa yake ni maziwa. Nikamwambia fundi njia iliyo bora ni kuikwangua zinki yote kwa grainda penye ncha kabla ya kuchomelea, kisha kazi ifanyiwe penye upepo. Alikubali kwamba nimesema kweli, akaikwangua, akaketi, akasubiri maziwa yake. Pakiti mbili. Hakuna moshi uliotoka, na maziwa hayakurudi.

Mimi nilisimamia vipimo. Fundi alitaka kuyakata mabomba yote mawili kwa mkupuo mmoja, nikamzuia kwa mwili wangu, kwani fremu ikikosa mguu hujikunja kama kitanda cha kamba kilicholegea. Tukaifunga kwanza kwa vyuma vya muda, tukakata upande mmoja, tukakata mshazari ili uzito usikae mahali pamoja, tukapenyeza kipande cha bomba jembamba ndani ya maungio, tukatoboa matundu ubavuni ili nacho kishikwe na moto. Yote hayo yanasomeka vizuri. Yalichukua wiki tano, kwa sababu kila tulipokata tukidhani tumefika kwenye chuma kizima, moto ulipogusa ukingo, ukingo uliyeyuka kama samli na tundu likawa ukumbi. Kipande cha sentimita 15 kikawa cha 30, cha 30 kikawa cha 62. Fundi akavua miwani yake, akaniangalia machoni. "Mwalimu, tukiendelea kukifuata chuma kizima hivi tutafika mpakani Lunga Lunga."

Majirani nao walikuwa na lao. Kila kijiti cha kuchomelea kilipowaka, taa za mtaa zilikonyeza na feni zikalegea, na siku ya mechi kubwa nilijiwa na ujumbe wa wanaume saba, wakiongozwa na yule mzee wa maganda ya mkoko, ambaye nilidhani tulishasameheana.

Tulipomaliza nilipima pembe kwa pembe. Tofauti ilikuwa milimita nne. Nikasema haiwezekani. Fundi akanionyesha barabara. "Pale mbele kuna shimo linalommeza punda, nawe walilia milimita nne?" Niling'ang'ania, akapasha moto, tukavuta kwa mnyororo na jeki hadi ikabaki milimita moja, na hiyo moja nimeificha. Msiniulize iko upande gani.

Rangi nayo ilinitia adabu. Nilisugua fremu nzima kwa msasa hadi ikang'aa, jua likazama, nikasema nitapaka kesho. Usiku kusi ikavuma kutoka baharini na chumvi yake, na asubuhi fremu ilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Nikasugua tena, nikaosha kwa maji ya mvua, nikakausha, nikapaka rangi ya msingi adhuhuri ile ile, mke wangu akinishikia mwavuli juu ya fremu, si juu yangu.

Mwisho kabisa, nikikumbuka yale maji yaliyofanya makao, nilimwambia fundi atoboe tundu la milimita tano mahali pa chini kabisa pa kila bomba, nikamimina mafuta ndani, nikayaacha yachuruzike. Fundi alishangaa. Tumetumia miezi kuziba matundu, akasema, nawe unanilipa nitoboe mengine?

Juzi mvua ilinyesha, fremu ikiwa imeegemezwa uwanjani bila injini, bila gurudumu, bila hata kanyagio. Nilichuchumaa kando yake na tochi. Maji yaliingia huko juu yanakojua yenyewe, na baada ya muda yakaanza kutoka chini, tone, tone, kupitia yale matundu mawili. Nilimwita mke wangu aje aone. Alisimama mlangoni na leso yake kichwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Shilingi ngapi mpaka sasa?"

"Elfu 118."

"Na kinachofanya kazi ni hilo tundu?"

"Ni mawili," nikamwambia.