Hatua 10,000 kwa siku: msaada au mzigo?

Saa tano usiku, mtu anazunguka kati ya kitanda na mlango. Saa yake ya mkononi inaonyesha hatua 9,640. Macho yanafumba, lakini halali mpaka saa itetemeke kumpongeza.

Namba ya 10,000 anayoifukuzia haikutoka maabara. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani ilianza kuuza kifaa kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Jina likapendwa, namba ikaota mizizi.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Ukimwambia mtu "fanya mazoezi", hajui aanzie wapi wala aishie wapi. Akiona jioni kwamba ana hatua 2,000 tu, atashuka kituo kimoja kabla ya chake. Msukumo wa nje pia unaweza kumwamsha aliyelala: wachumi Uri Gneezy na Gary Charness walionyesha mwaka 2009 kwamba wanafunzi waliolipwa ili waende jimu mara kadhaa waliendelea kwenda zaidi hata malipo yalipokoma, hasa wale ambao hapo awali hawakuwa na mazoea hayo.

Lakini kwa mtu anayependa kutembea, mambo hubadilika. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake waliwaahidi watoto waliopenda kuchora kwamba wakichora watapewa cheti. Baadaye, walipoachwa huru, watoto hao walichora kwa muda mfupi kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Zawadi ilikuwa imechukua nafasi ya raha. Ndivyo inavyomtokea yule ambaye saa ikiisha chaji, haoni tena sababu ya kutoka nje.

Kwangu mimi, ubaya mkubwa uko kwenye siku moja iliyokosekana. Mtoto ameugua, mvua imenyesha, kazi imechelewa, na programu ya kuhesabu hatua inafuta mfululizo wa siku 40 za kufikia lengo na kuandika sifuri. Nimeona watu waliokuwa wakitembea vizuri kabisa wakiacha wiki hiyohiyo, kwa sababu sifuri iliwaambia wameshindwa. Iliwadanganya! Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Kwa kawaida tabia ilichukua siku zipatazo 66 kuzoeleka, wengine 18, na kwa wengine ilikadiriwa kufika 254. Kuruka siku moja hakukuvunja kilichokuwa kimejengeka.

Kwa hiyo ningempa namba anayeanza, tena namba ndogo, na ningemwomba azime hesabu ya mfululizo. Utafiti wa mtafiti wa afya I-Min Lee wa mwaka 2019, uliohusu wanawake wapatao 16,700 wenye wastani wa miaka 72, ulikuta vifo vichache zaidi kwa waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku kuliko waliotembea 2,700, na tofauti ikaacha kuongezeka kwenye hatua kama 7,500. Hao ni wazee, si kila mtu. Hata hivyo, yule wa saa tano usiku, mwenye hatua 9,640, ametembea vya kutosha. Avue saa, alale.