Kwa Nini Wanakuja Ijumaa

Ukitaka kumnyamazisha mtu bila kujisumbua kumshinda mahakamani, mkamate Ijumaa. Katiba ya Kenya, kifungu cha 49, inataka mtuhumiwa afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 24. Lakini kifungu hichohicho kina upenyo: saa hizo zikiisha siku ambayo mahakama haiketi, mtuhumiwa atangoja hadi siku ya kazi inayofuata. Walioandika hivyo nadhani walikuwa wanamhurumia hakimu asiitwe Jumapili. Polisi wameusoma upenyo huo kwa makini kuliko sisi.

Rose Njeri alikamatwa Nairobi Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025. Alikuwa ametengeneza ukurasa wa intaneti uliomwezesha mwananchi kutuma barua pepe bungeni kupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Unabonyeza, maoni yako yamefika. Bunge lenyewe linatakiwa na katiba kupokea maoni ya umma. Sasa angalia kalenda: Jumapili ile ilikuwa Madaraka, sikukuu ya kujitawala, na kwa kuwa iliangukia Jumapili, Jumatatu nayo ikawa mapumziko. Akafikishwa kortini Jumanne, tarehe 3 Juni, akiwa amelala selo siku nne. Tarehe 20 Juni hakimu akaitupa kesi kwa sababu mashtaka hayakuonyesha kosa lolote.

Hapo ndipo watu hushangilia kwamba mahakama imefanya kazi. Mimi huwa nashindwa kushangilia. Serikali imepoteza nini? Hati moja ya mashtaka na mafuta ya gari. Yeye amepoteza siku nne, na vijana wengine wenye ujuzi kama wake wamejifunza bei ya kubuni ukurasa wa namna ile. Kesi ilikufa, lakini kazi yake ilikuwa imeshafanyika tangu usiku wa kwanza.

Na usiku huo wa kwanza, kitu kinachoulizwa mapema ni simu. Zamani mtu alikamatwa na gazeti lake au mashine yake ya chapa. Leo anakamatwa na maisha yake yote mfukoni. Ofisa anaiweka simu mezani na kudai nenosiri. Humo mna lile andiko lililomleta pale, sawa, lakini pia mna ujumbe wa mama yake, picha za mtoto, majibu ya daktari, salio lake, na namba za kila aliyewahi kumwambia jambo kwa siri. Akitoa nenosiri, amewakabidhi wenzake. Akikataa, ukaidi wenyewe unageuzwa kuwa dalili ya hatia. Ataachiwa yeye, simu itabaki "kwa uchunguzi", na hakuna atakayemwambia uchunguzi huo unaisha lini.

Uganda walikwenda mbali zaidi ya wikendi. Stella Nyanzi aliwekwa ndani Novemba 2018 kwa shairi aliloliweka Facebook kumhusu Rais Museveni na marehemu mama yake. Silipendi shairi lile. Nililisoma mara moja na sina hamu ya kulirudia. Agosti 2019 akahukumiwa miezi 18. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo, akatoka. Hesabu mwenyewe: alikuwa ameshakaa gerezani zaidi ya miezi 15. Ushindi wake ulikuja kifungo kikielekea ukingoni.

Ethiopia kulikuwa na wanablogu waliojiita Zone 9. Gereza la Kaliti lilikuwa na kanda nane, na wao wakasema kanda ya tisa ni hii ya nje tunamoishi sisi wengine. Sita kati yao walikamatwa Aprili 2014, pamoja na waandishi watatu wa habari, wakashtakiwa kwa ugaidi. Sehemu ya kilichowatia hatiani machoni pa serikali ilikuwa mafunzo ya kulinda barua pepe zao zisisomwe na wengine. Yaani kufunga mlango wako ni ushahidi kwamba unaficha maiti. Baadhi walifutiwa mashtaka Julai 2015, na Oktoba mwaka huo mahakama ikawaondolea wengine shtaka la ugaidi. Mwaka na zaidi ulikuwa umeshakwenda.

Nikiri jambo. Majuzi niliandika mistari mitatu kuhusu waziri mmoja. Nikaisoma, nikaondoa jina. Nikaisoma tena, nikaondoa wizara. Kilichobaki kilifanana na malalamiko kuhusu hali ya hewa, nikakifuta. Hakuna askari aliyenigusa.

Sheria zenyewe zimeandikwa kwa maneno yanayonyooshwa upendavyo. Kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano ya Kenya kiliadhibu ujumbe unaochukiza, au ule wa uongo wa kuudhi, kusumbua au kutia wasiwasi usio wa lazima. Nani anapima wasiwasi wa lazima? Geoffrey Andare, aliyekamatwa kwa andiko la Facebook, alikipinga kortini, na Aprili 2016 kikafutwa. Nilidhani tumemaliza. Mwaka 2018 ikaja sheria mpya ya makosa ya kompyuta, ikiwa na adhabu ya hadi miaka kumi jela kwa kusambaza habari za uongo za namna fulani. Uganda nako Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu chao cha "mawasiliano ya kuudhi" Januari 2023, miezi michache tu baada ya bunge kuongeza makosa mapya katika sheria ileile. Unakata tawi huku, shina linachipua kule.

Najua nitakumbushwa Rwanda. Kila ukitetea uhuru wa kusema, mtu anakutajia redio ya RTLM, iliyochochea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Haki yake, maana maneno yaliua. Ila redio ile haikuwa sauti ya mnyonge aliyeikasirikia serikali. Ilikuwa ya watu walio karibu kabisa na madaraka, na hakuna aliyewakamata Ijumaa. Anayewataja majirani zake kwa majina ili wauawe akamatwe, leo hii. Aliyemkashifu mtu apelekwe kwenye kesi ya madai alipe fidia. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilishasema Desemba 2014, katika kesi ya mhariri Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso, kwamba kumfunga jela kwa kashfa kulikiuka haki zake. Mkubwa kukereka si dharura ya taifa.

Wiki moja baada ya Rose Njeri kuchukuliwa, Jumamosi, tarehe 7 Juni, polisi walimfuata Albert Ojwang nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni kuhusu naibu mkuu wa polisi. Alikuwa mwalimu, umri wake miaka 31. Wakamsafirisha hadi kituo cha Central, Nairobi, na kabla ya kupambazuka Jumapili alikuwa amekufa. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukakuta majeraha kichwani, shingo iliyokabwa, na michubuko sehemu nyingi za mwili. Kati ya selo na hakimu palikuwa na Jumapili nzima.

Ndiyo maana ombi langu si kubwa. Hospitali zina daktari wa zamu usiku wa Jumapili, kwa kuwa watu hawachagui siku ya kuugua. Tuwekeeni hakimu wa zamu. Aketi Jumamosi, aketi Jumapili, aketi sikukuu, na anayemkamata mtu kwa maneno aliyoandika amlete palepale, pamoja na simu yake ikiwa imefungwa, aeleze ni kosa gani.