Parameta za URL ndani ya jedwali hashi: zinafaa mpaka wapi?

Kuna ubishi kama parameta za URL (jozi za jina na thamani zinazofuata alama ya kuuliza kwenye anwani ya wavuti) ziwekwe ndani ya jedwali hashi, yaani jedwali la funguo na thamani zake, au ziungwe kwa mkono. Skripti nyingi za PowerShell (lugha ya skripti ya Microsoft) za kutuma SMS kupitia API, yaani mlango wa programu kuzungumza na seva, huanza kwa kuungaunga maneno: anwani, alama ya kuuliza, `to=+255...`, kisha `&text=Kikao saa 4, chai & mandazi`. Inaendeshwa bila kulalamika. Kumbe seva imesoma `+` kama nafasi tupu, namba imeharibika, na ujumbe umekatikia kwenye "chai" kwa kuwa `&` ya pili imehesabiwa mwanzo wa parameta nyingine.

Wanaotetea jedwali hashi wana hoja hapo. Weka kila parameta ndani ya `@{}`, pitisha thamani kwenye `[uri]::EscapeDataString`, na `+` inageuka `%2B`, `&` inageuka `%26`. Kuondoa parameta usiyoihitaji ni mstari mmoja tu. Kwa ombi la GET (la kusoma data), Invoke-RestMethod, amri ya PowerShell ya kutuma maombi kwa seva, hulipokea jedwali lenyewe kupitia `-Body` na kulipachika mwishoni mwa anwani.

Wanaopinga nao hawasemi ovyo. URL hailazimishi jina lijitokeze mara moja: `tag=kahawa&tag=chai` ni halali kabisa. Ukirudia ufunguo ndani ya `@{}`, PowerShell inakugomea, na hiyo ni afadhali. Ukiandika `$p['tag'] = 'chai'` baadaye, kahawa inafutwa kimyakimya na utafutaji unaleta nusu ya majibu. Isitoshe, kwa jedwali hilo `id` na `ID` ni kitu kimoja, ilhali zipo seva zinazozitofautisha.

Suala la mpangilio wa parameta naona linakuzwa mno. Ni kweli `@{}` haiahidi kuutunza, lakini seva nyingi hazijali. Penye saini, yaani alama ya uthibitisho inayokokotolewa kutokana na ombi, ndipo pana kazi: Signature Version 4, utaratibu wa saini wa AWS (huduma za wingu za Amazon), hutaka parameta zipangwe kwa majina kabla ya kukokotoa saini. Hata `[ordered]`, jedwali la PowerShell lenye mpangilio, haikuokoi hapo, maana hutunza mpangilio ulioingiza wewe, si wa alfabeti.

Mimi naegemea jedwali, ila thamani iruhusiwe kuwa orodha, na kitanzi kifupi kitoe jozi moja kwa kila kipengele. Python hufanya hivyohivyo kwa `urlencode` yenye `doseq=True`. API ikitofautisha herufi kubwa na ndogo, naachana na jedwali, natumia orodha ya jozi. Kuungaunga kwa mkono nakukubali pale tu thamani zote umeziandika mwenyewe. Zikitoka kwenye faili la Excel la mtu mwingine, hapana.