Taa inayoita majirani: balbu ya dharura kwenye vilima vya Mwanza

Simama Mabatini usiku, chini barabarani, utazame juu. Taa zimepandana mpaka kileleni, nyumba juu ya jiwe na jiwe juu ya nyumba, na katikati kuna vinjia visivyopitisha hata bajaji. Sasa mtu akupigie simu saa nane za usiku: "Njoo haraka, nyumba ni ile yenye geti jekundu." Utaionaje rangi ya geti?

Yalinikuta. Jirani yetu alishikwa na uchungu, tukampigia dereva wa teksi. Alipofika kwenye maduka ya chini akauliza, "Kaka, nishafika, nielekeze." Nikapanda kwenye jiwe lililo mbele ya nyumba, nikawasha tochi ya simu na kuipunga. Akasema anaona tochi nyingi, yangu ni ipi? Kweli, njiani palikuwa na vijana wanaotoka mwaloni, kila mmoja na tochi yake. Nikaanza kuifunika kwa kiganja na kuifunua, kuifunika na kuifunua. "Hiyo inayozimikazimika?" Ndiyo mimi, nikamwambia. Akapaki, akapanda na wenzetu kumshusha mgonjwa, wakawahi hospitali ya Bugando. Mama na mtoto wazima.

Kumbe nilichokifanya kwa kiganja watu wameshakitengenezea balbu. Marekani zimeuzwa balbu zinazofungwa kwenye soketi ya kawaida mbele ya nyumba. Siku zote zinawaka kama taa nyingine. Siku ya shida unazima na kuwasha swichi haraka haraka, zinaanza kumweka mpaka uzizime. Lengo ni polisi, zimamoto au gari la wagonjwa wasipoteze dakika kutafuta namba ya nyumba gizani.

Kwa watu wa ziwani wazo hili halihitaji maelezo marefu. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujatoka, ziwa linajaa taa za wavuvi wa dagaa, zamani karabai, siku hizi zaidi za sola. Taa iliyotulia ni mtu yuko kazini. Ikianza kuwaka na kuzimika, jicho lako linakwenda hapo lenyewe. Mabaharia nao wanaijua SOS, ishara ya kuomba msaada iliyokubaliwa kimataifa mwaka 1906: fupi tatu, ndefu tatu, fupi tatu, na unaweza kuituma hata kwa tochi.

Wanaoipinga balbu hii nao wana hoja, na nyingine ni nzito kuliko wauzaji watakavyokubali.

Nianze na umeme. Luku ikiisha au umeme ukikatika, balbu haina kazi. Hata ukiwepo, mitaa mingi umeme unacheza: taa zinapungua, zinarudi, zinamweka zenyewe. Jirani aliyezoea hayo atajuaje kwamba leo ni shida ya kweli? Na nyumba ikishika moto kwa hitilafu ya nyaya, kinachotakiwa ni kuzima swichi kuu, ambapo na balbu inazimika. Kwa hiyo balbu isiyo na betri ndani yake mimi siihesabu kabisa.

La pili linanitisha zaidi. Serikali inahimiza nishati safi ya kupikia, na mkakati wake wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Maana yake mitungi ya gesi inaingia kwenye nyumba nyingi zaidi. Gesi ikivuja ndani, mtu hatakiwi kugusa swichi yoyote, kwa sababu cheche ndogo tu inatosha kulipua. Sasa unamfundisha mama kwamba akiona hatari akimbilie swichi aipige mara mbili! Ni lazima aambiwe tangu siku ya kununua: ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua madirisha, toka nje, piga kelele.

Wapo pia wanaosema kazi hii ilishafanywa. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, kabla ya sensa, ilitupa majina ya mitaa na namba za nyumba. Ni kweli, na namba hizo zinasaidia. Lakini kibao hakisomeki gizani ukiwa bondeni, na kwenye vilima namba inayofuata inaweza kuwa nyuma ya jabali. Anayepiga 114 kuita zimamoto ataje anwani. Taa ifanye kazi ya mita mia za mwisho.

Hizo mita mia ndizo zinanifanya nione kwamba balbu hii tunaifikiria vibaya tukiinakili ilivyo. Kule imebuniwa kwa ajili ya gari. Huku gari likiiona taa bado halipandi. Mpira wa maji haufiki, na mgonjwa anashushwa kwa mabega. Anayefika kwanza ni jirani. Wasukuma walilijua hilo kabla ya umeme: shida ikitokea unapigwa mwano, yowe la kuita msaada, na kila anayesikia anatoka. Mwano una nguvu kwa sababu watu wote wanajua maana yake. Taa haitakuwa na nguvu hiyo mpaka mwenyekiti wa mtaa aitishe kikao, watu wakubaliane: ikimweka hivi, tunatoka, mtoto akiichezea, mzazi anaulizwa. Bila kikao hicho, taa itamweka na watu watadhani kuna sherehe.

Na pesa ya halmashauri? Nikiulizwa, iende kwanza kwenye ngazi za zege na maji ya kuzimia moto huko juu. Balbu ni ya mtu kujinunulia, au mtaa kuchangishana.

Ila kuna nyumba ambazo mimi ningezichangia kesho. Juu ya kwetu anaishi bibi mmoja peke yake, kifua kinamsumbua, sauti yake haivuki hata ukuta. Kuna familia ya viziwi. Mwano unahitaji pafu na sikio. Kwa bibi yule, kitufe kando ya kitanda na balbu ya betri juu ya mlango ndiyo sauti yake. Kwa familia ile taa ingefungwa ndani, jirani aweze kuiwasha kwa kitufe cha mlangoni, imweke polepole, mara moja au mbili kwa sekunde, kwa sababu mwanga unaomweka haraka unaweza kumwangusha mwenye kifafa. Sasa hivi, moto ukitokea usiku, watu hao wanategemea jirani akumbuke kwenda kuvunja mlango.